Chuma cha Mwosha Wetu

Daktari wangu wa mifupa ni kijana mwenye adabu. Ananiita mama, anainua picha ya nyonga yangu kwenye taa, kisha ananieleza, kwa upole wa mtu anayekuuzia kiwanja, kwamba siku si nyingi itabidi nitiwe chuma. Nimesoma hadi chuo kikuu. Nimeandika makala ndefu juu ya faida za sayansi kwa taifa changa, na zipo shule zilizowalazimisha wanafunzi kuzisoma. Lakini nilipotoka kwa daktari yule, jambo la kwanza nililofanya ni kununua karafuu. Sikujua nimezinunulia nini mpaka nilipofika nyumbani nikazinusa. Ndipo aliponijia mwosha wetu, mzima mzima, na kanga zake tatu na mguu wake mmoja unaotangulia.

Nasema mwosha wetu kwa sababu tulikuwa naye nyumba moja Kariakoo, miaka ile ya hamsini. Ilikuwa nyumba kama zilivyokuwa zote, vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati na ua nyuma. Wazazi wangu walipanga viwili. Yeye alikaa chumba cha mbele kinachotazama barabara, ili wanaomhitaji wagonge dirisha bila kuamsha nyumba nzima. Kazi yake ilikuwa kuosha maiti za wanawake. Alikotoka sikujua wala sikuuliza. Tulipohamia tulimkuta, kama tulivyoukuta mlango.

Watu wa mtaani walimwita Bibi. Jina la kazi yake hawakulitamka mbele yake, si kwa heshima tu. Mwosha ana tabia ya kukutazama, na yeye akikutazama toka utosini hadi kisiginoni ulijua amekwisha kukupima. Kila niliporudi likizo kutoka chuo cha ualimu alinipokea kwa maneno yale yale, kwamba nimerefuka. Nyumba nyingine msichana angefurahi. Mimi nilijua anahesabu kitambaa kitakachoongezeka kwenye sanda yangu.

Maiti hakuwaogopa hata kidogo. Aliogopa paka. Paka akipita ukutani alinyanyua miguu yote miwili juu ya kigoda na kumwita mama yangu aje amfukuze, na mama alikuja na fagio huku akimwuliza kama angependa wampelekee maiti akae naye mpaka paka aondoke. Alilala na taa inawaka. Chai aliinywa ya moto mno, lakini wali aliula umepoa. Mikono yake ilikuwa laini kuliko ya mwanamke yeyote niliyemjua, kucha fupi, safi, zenye harufu ya kafuri, na alipokushika mkono ulihisi kama umeshikwa na maji.

Mdomo wake ulikuwa kitu kingine. Juu ya watu walio hai hakuwa na huruma. Alijua nani amehamishwa chumba na mumewe, nani anapaka wanja kwa ajili ya karani wa bandarini, binti wa nani anapita njia ndefu kwenda sokoni na kwa nini. Aliyasema kwa sauti, barazani, mwenyewe akipita. Mama alisema kwamba watu wa Kariakoo hufa mapema ili wapate heshima kwa Bibi.

Maana ukishakufa, alikunyamazia. Huo ndio ulikuwa mwiko wa kazi: yanayoonekana nyuma ya pazia la kuoshea hayasemwi. Waosha wote huapa hivyo, lakini wengi hupitisha kidogo kwa macho, au kwa kuguna. Yeye hakupitisha kitu. Alifariki mke wa tajiri mmoja wa vitambaa ambaye mtaa mzima ulisema mumewe humpiga, na siku ile ya mazishi wanawake walimzunguka mwosha wetu kama kuku waliosikia mtama. Walimpa tambuu, wakamsogezea mto, wakaanza kwa mbali, wakaja karibu. Mwisho shoga yake mmoja akauliza waziwazi, marehemu alikuwaje mwilini. Bibi akatafuna, akameza, akajibu kwamba maji yalikuwa ya uvuguvugu.

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake siku zote. Uliza kama marehemu alikonda, kama alikuwa na kovu, kama kweli alikuwa na mimba. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Watoto wa mtaani walilifanya msemo. Ukimwuliza mwenzako kama amefaulu mtihani na hataki kukuambia, ulijibiwa hivyo hivyo.

Mara moja tu alieleza. Nilikuwa nimetoka chuoni na kichwa kimejaa, nikamwambia kwamba siri kama zile huwasaidia waovu, na kwamba kwa maendeleo ya jamii ukweli lazima usemwe. Nilikuwa na umri wa kusema maneno kama hayo. Hakukasirika.

"Maiti hawezi kuvuta kanga yake ajifunike," alisema. "Mimi namvutia. Ukiondoa hiyo, kazi yangu ni kufua tu."

Nimelikumbuka neno hilo mara nyingi, na si mara zote kwa furaha, kwa sababu neno hilo hilo lilitaka kumwua.

Ilianza masika moja. Alikuwa akiwahi kwenye nyumba ya msiba na kikapu chake, na karibu na soko lori la nazi likarudi nyuma. Dereva aliapa kwamba hakumwona, na yeye aliapa kwamba dereva alimwona vizuri sana. Mfupa wa muundi ukavunjika. Kwanza aliitwa mganga wa kuunga mifupa, mzee hodari, ambaye alimfunga vijiti na kumkanda mpaka nyumba ikanuka mafuta ya nyonyo. Mfupa ukakataa kushika. Mwisho wakampeleka hospitali ya serikali, daktari akampasua, akaukutanisha mfupa na kuubana kwa kipande cha chuma na skrubu, kama seremala anavyounga mguu wa kitanda.

Alirudi ameshinda. Mtaa mzima ulikuja kumtazama. Chuma chenyewe hakikuonekana, lakini ngozi ya muundi ni nyembamba, na vichwa vya skrubu ulivihisi chini yake kama punje za mahindi ndani ya kitambaa. Alituruhusu kugusa. Mimi niligusa kwa kidole kimoja, nikakosa hamu ya chakula cha mchana. Alimwambia mwanamke aliyeosha naye maiti kwamba siku ya kumwosha yeye ikifika aje na bisibisi. Mwanamke akilalamika kwamba mumewe hana msimamo, alimshauri ampeleke kwa daktari wake akatiwe chuma. Miezi ile hapakuwa na mazungumzo Kariakoo ambayo chuma kile hakikuingia.

Halafu akaacha kukitaja.

Tulianza kuogopa hapo. Niliporudi likizo iliyofuata nilisubiri utani wa bisibisi, haukuja. Nikamtania mimi, akanitazama kama nimetaja jina la mtu aliyefungwa. Mama alinibana jikoni akaninong'oneza nisirudie. Kwa nini? Hakujua kwa nini. Alijua tu kwamba Bibi sasa anavaa kanga tatu badala ya mbili, na ile ya tatu inafika chini mpaka inafagia.

Na karafuu. Chumba chake kilikuwa kikinuka udi siku za Ijumaa, kama vyumba vya wanawake wote. Sasa kilifukizwa kila siku, asubuhi na jioni, na yeye mwenyewe alitembea na karafuu zilizopondwa zimefungwa kwenye pindo. Ilikuwa harufu nzuri. Ubaya wake ni kwamba ilikuwa nyingi mno, na ukikaa naye kidogo pua yako ilianza kutafuta kilichofunikwa. Aliwahi bomba kabla ya watu wote kufua vitambaa, na vitambaa hivyo hatukuviona vikianikwa. Alivikausha chumbani. Alihamisha kigoda chake kutoka katikati ya ua hadi ukutani, upande ambao upepo ulitoka kwetu kwenda kwake. Mikutano ya siasa ilipoanza pale Mnazi Mmoja alikuwa mtu wa mstari wa mbele, wa kushangilia kabla msemaji hajamaliza. Mwaka ule akawa anasimama nyuma kabisa, peke yake, na kusema kwamba mbele kuna vumbi.

Mama alimwuliza. Alijibiwa kwamba ni joto, chuma kinapata moto. Baba alimwuliza kwa mbali, kiume, kama anahitaji kupelekwa mahali, akajibiwa kwamba akihitaji kupelekwa atawaita wenye jeneza. Mimi nilitafuta kitabu. Chuoni tulikuwa na kitabu cha huduma ya kwanza, na ndani yake nusu ukurasa juu ya mfupa unaooza. Nikausoma nusu ukurasa ule mpaka nikawa bingwa. Nilijua kwamba sumu hupanda kutoka mfupani ikaingia kwenye damu, na kwamba mgonjwa hupata homa, hutetemeka, hufa. Kuanzia hapo kila alipovuta shuka barazani nilimwona anatetemeka. Nililala vibaya na sikumsaidia mtu yeyote. Elimu yangu ilitosha kunitia hofu ikaishia hapo.

Kwa nini alificha? Hapo sina budi kukisia. Mwosha huitwa kwa usafi wake, na nani angemwita mwanamke anayevuja usaha aje amtwaharishe mama yake? Hilo lilikuwa jibu la mtaa baadaye, na ni la kweli, lakini halinitoshi. Nadhani alikuwa amewafunika watu muda mrefu mno. Kila ubaya wa mwili alioupata kwenye kazi yake aliutibu kwa dawa moja, kitambaa, na dawa hiyo haikumwangusha hata mara moja, kwa kuwa wagonjwa wake wote walikuwa wamekwisha kufa.

Sasa yule mwenzake. Waosha hufanya kazi wawili wawili, mmoja anaosha, mwingine anamimina maji. Mmiminaji wake alikuwa mjane wa Gerezani, mwembamba, mkimya, ambaye sisi vijana tulimwita Mama Kopo, kwa siri, tukidhani hajui. Alijua. Alimfuata mwosha wetu hatua moja nyuma, akamwitikia kila kitu, na kwa miaka yote ile sikumbuki nimesikia sauti yake ikimaliza sentensi.

Yaliyotokea nyumba moja ya msiba, mtaa wa tatu kutoka kwetu, nilikuja kuyasikia baadaye, kwa Bibi mwenyewe. Walikuwa wamemaliza kuosha. Maiti amekaushwa, sanda imetandikwa juu ya mkeka, mwosha wetu akapiga goti ili aikunje upande wa kushoto, na kutoka chini ya kanga zake likadondoka tone. Halikuwa damu wala maji. Likaanguka juu ya kile kitambaa cheupe. Wanawake wawili wale wakatazama tone lile. Kisha Mama Kopo akatoa kipande kingine cha sanda kikapuni, wakabadilisha, wakamimina maji upya, na hakuna aliyefungua mdomo.

Mama Kopo hakuufungua hata baadaye. Ndivyo alivyofundishwa. Ameona ubaya wa mwili nyuma ya pazia, na yanayoonekana nyuma ya pazia hayasemwi. Akaubeba. Akaanza kuja uani kwetu bila sababu, anakaa, anakataa kahawa, anatazama miguu ya watu, anaondoka. Mama alifikiri anataka kuazima kitu na anaona haya, akamtajia mwenyewe sufuria, mwiko mkubwa, hata cherehani. Akatikisa kichwa. Akaanza kukonda, na hakuwa na cha kukonda.

Alasiri moja alikuja akasimama. Nakumbuka kila kitu cha alasiri ile. Mama alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Mimi nilikuwa na kitabu, bila shaka. Mwosha wetu alikuwa ukutani kwake, mguu umenyooshwa, kanga tatu, nzi wawili.

Mama Kopo alimwamkia, akaitikiwa, akaambiwa akae. Akasema kwamba hakai, ana swali la kazi.

"Yanayoonekana chumbani hayasemwi," alisema.

"Hayasemwi."

"Ya maiti."

"Ya maiti, ndiyo. Ya nani mwingine?"

"Basi nijibu, Bibi. Wewe uko hai au umekufa?" Sauti ilikuwa ndogo. "Maana kama umekufa nitanyamaza kama ulivyonifundisha, na nitakuosha vizuri. Kama uko hai, vaa viatu twende hospitali."

Mbuzi wa mama akanyamaza. Mwosha wetu alijaribu mdomo wake kwanza, ndiyo silaha aliyokuwa nayo. Alimwuliza amepata wapi ujeuri, yeye aliyekuja kwake hajui hata kushika kopo, anamwagia maiti kama anamwagilia mchicha. Mama Kopo akakubali yote. Alisema ni kweli, alimwaga ovyo, na watu wanamwita Mama Kopo mpaka leo, akanitazama, nami nikaona kitabu changu kimekuwa cha kuvutia sana. Lakini hakuondoka. Alisimama pale na viatu vya Bibi mkononi. Alikuwa ameviokota mlangoni alipoingia.

"Umemwambia nani?" mwosha wetu aliuliza.

"Sijamwambia mtu. Ndiyo maana silali."

Kisha mkono ule laini ukashuka, ukashika pindo la kanga ya kwanza, ukavuta juu. Ya pili. Ya tatu. Akafungua kitambaa mwenyewe, akituangalia usoni mmoja mmoja, kama mtu anayengoja kuona nani atamcheka.

Muundi ulikuwa umevimba, mwekundu, unang'aa. Katikati palikuwa na tundu, na ndani ya tundu, safi kabisa, kimeoshwa na usaha, kichwa cha skrubu kinatuangalia.

Mama alisema "Ya Rabi" na akaanza kulia, na alipolia yeye, Bibi akamtuliza. Akamwambia kwamba haiumi sana. Akamwambia kwamba ni tangu masika yaliyopita.

Jirani mmoja alitaka kuleta mkokoteni. Bibi alisema yeye si gunia la nazi, nazi ndizo zilizomfikisha hapo. Tukakodi teksi, tukapita njia ya Upanga, mimi mbele kando ya dereva kwa sababu ya Kiingereza changu. Naomba niseme kidogo juu ya Kiingereza hicho. Kilikuwa na majina ya maua ambayo sijayaona mpaka leo, na kanuni za kumwandikia barua mkuu wa wilaya. Usaha hakikuwa nao. Daktari Mzungu alipouliza tatizo, nilijikaza nikamwambia kwamba mguu wa huyu mama unalia. Alinitazama, akautazama mguu, akasema kwamba naam, unalia kweli.

Alieleza polepole, nami nikatafsiri polepole zaidi. Skrubu zimelegea. Chini ya chuma mfupa umeingia uchafu, na chuma kikikaa humo hakuna sindano ya penisilini itakayofika. Lazima kitolewe, mfupa ukwanguliwe. Akikuta mfupa mzima ndani, vizuri. Akikuta umeoza wote, ataukata mguu, pale pale, kabla hajamwamsha, kwa sababu homa imekwisha anza na haitangoja. Hakuahidi lolote.

Nilitafsiri mpaka hapo, na nikiri kwamba sehemu ya mwisho niliisema nikitazama ukuta.

Mwosha wetu hakuuliza kama ataumia. Hakuuliza atatembeaje. Aliuliza: "Mkiukata, nani atauosha?"

Daktari hakuelewa, hata nilipomweleza mara ya pili. Alisema hospitali ina utaratibu wake wa vitu kama hivyo. Nilipomfikishia Bibi neno hilo aliteremsha mguu kitandani, akaanza kutafuta viatu. Mwanamke aliyewafunika wafu wa nusu ya mji hakuwa tayari sehemu yake itangulie uchi, bila maji, bila kitambaa, kwenye utaratibu. Mama alimsihi. Mimi nilitaja sumu ya damu, homa, nusu ukurasa wangu wote. Alikuwa amekwisha kuvaa kiatu kimoja.

"Nitauosha mimi," Mama Kopo alisema. "Nitakaa mlangoni. Wakiutoa, watanipa mimi mkononi."

"Wakikataa?"

"Hawatapita."

Bibi alimtazama toka utosini hadi kisiginoni, kama kawaida yake. Kisha akavua kiatu.

Basi tulingoja. Nimengoja vitu vingi tangu siku ile, matokeo ya mitihani, watoto, mshahara, na sijawahi kungoja vile. Mama alishika tasbihi lakini vidole havikusogea. Mama Kopo alisimama mbele ya mlango wa chumba cha upasuaji na kikapu kimefunguliwa, na kila aliyepita aliona ndani yake: kafuri, pamba, kopo, na kitambaa cheupe alichokwisha kukikata kwa kipimo cha mguu mmoja. Mhudumu mmoja alimwambia akae benchi kama wengine. Hakubanduka. Nilikitazama kitambaa kile, kifupi mno, nikajaribu kutokitazama, na kila niliporudisha macho kilikuwa pale pale. Kila gurudumu lililosikika ndani lilikuwa linaleta mguu.

Mlango ulifunguliwa, akatoka daktari, na mbele yake amebeba beseni dogo. Mama akafumba macho. Nilitafuta Kiingereza chote nilichokuwa nacho nikakuta hakuna hata neno moja. Ni Mama Kopo aliyepiga hatua, akanyoosha mikono yote miwili, kitambaa juu yake, akapokea.

Kilikuwa chuma. Kipande chembamba, urefu wa shibiri, na skrubu zake zikigongana ndani ya beseni. Daktari alisema mguu upo. Amekwangua sana, utakuwa dhaifu, huenda ukafunguka tena, lakini upo. Mama Kopo alikitazama chuma kile ndani ya kitambaa cheupe, akakaa chini sakafuni, akalia kwa sauti ambayo hatukujua kwamba anayo.

Ningependa kusema kwamba mwosha wetu alipona kabisa. Mguu haukufunga kabisa. Tundu lilikuwa likijiziba miezi, kisha masika yakija linafunguka, na kutoka humo, alfajiri moja au nyingine, kinatoka kipande cha mfupa kidogo kama punje ya mchele. Lakini alihamisha kigoda chake akakirudisha katikati ya ua. Alikwenda kufungwa dawa kwa miguu yake, akifika anawagombeza wafungaji. Jioni alikaa barazani na muundi wazi, na aliyeona karaha aliambiwa ageuze shingo, Mungu amempa.

Wala hakuwa mpole kwa hilo. Alikuwa hatari zaidi. Mwanamke yeyote akijikuna, akichechemea, akikataa kukaa, aliitwa mbele ya watu na kuulizwa ameficha nini. Alimfunua hivyo muuza vitumbua aliyekuwa na jipu, na bibi harusi mmoja ambaye hakuwa na kitu chochote isipokuwa kiatu kinachobana. Mwiko wake ulikuwa ule ule wa zamani, ila sasa alijua mpaka wake ulipo. Waliokufa aliwanyamazia kama mwanzo. Chuma chenyewe alikifanyia kazi. Wakikata sanda ukumbini upepo ulikuwa ukiinua kitambaa, na tangu siku hizo kilikandamizwa pembeni kwa chuma kile, kimesuguliwa kwa majivu mpaka kinang'aa.

Karafuu zangu, nikirudi kwangu kidogo, nimezitia kwenye pilau. Na siku ya kurudi kwa daktari nimewatajia watoto wangu wote, ili nisipate pa kukimbilia.

Mara ya mwisho kuongea na Bibi nilikuwa nimeanza kufundisha, shule moja upande wa Ilala. Niliitwa, nikaenda. Homa ilikuwa imemlaza, homa ya kifua, haikuwa ya mguu. Chumba chake hakikufukizwa kitu, kilinuka chumba. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanitazama mpaka chini, akasema nimeacha kurefuka, vizuri. Kisha akaniambia kwamba Mama Kopo ndiye atakayemwosha, na mimi nitamimina maji.

Nilimwambia kwamba siwezi, Bibi, sijui.

"Na Kiingereza hukukijua," alisema, "ukaenda."

Siku ilipofika nikamimina. Mama Kopo alipima maji kwa kiwiko, akanionyesha kwa macho tu wapi, kiasi gani, wakati gani nisimame. Tulikata sanda ukumbini, na chuma kikakaa pembeni ya kitambaa kikakizuia. Upepo ulikuwepo. Sikumwaga ovyo, na Mama Kopo, ambaye angekuwa na haki ya kunipa jina, hakunipa.

Tulipovuta pazia, wanawake walikuwa wamejaa uani. Wote waliujua mguu ule. Walikuwa wameuona barazani miaka, wameufukuzia nzi, wameutania na kutaniwa nao. Hata hivyo mmoja alinisogelea, akanishika kiwiko kwa upole, akauliza kwa sauti ya chini kama mwishowe ulikuwa umepona.

Nilimgeukia Mama Kopo. Alikuwa anapanga kikapu, kopo chini, kafuri juu, na hakuinua kichwa. Jibu lilikuwa langu.

Nikamwambia kwamba maji yalikuwa ya uvuguvugu.